Sauti ya Mlango wa Kushoto

Mke wangu hujifunza nyimbo za kwaya ndani ya gari. Si kwamba anapenda. Nyumbani kuna jikoni, kuna simu za dada zake, na kuna mimi. Ofisini kuna kazi. Kinachobaki ni ule mwendo wa asubuhi kutoka Kileleshwa hadi katikati ya jiji, ambao siku ya foleni mbaya mtu wa miguu huumaliza kabla yetu. Humo ndani anapata nafasi ya kurudia beti zote, na kiitikio, na bado akabakiza dakika za kunilaumu kwa njia niliyochagua.

Mwaka huo kwaya ya akina mama wa kanisa letu, kule Lavington, ilialikwa kuimba katika tamasha la makanisa ya upande wetu wa jiji. Mwalimu wa kwaya alichagua wimbo mmoja wa zamani na kuupanga upya. Katika ubeti wa tatu kinanda kinanyamaza, sauti zote zinashuka kuwa mnong'ono, kisha mama mmoja anapanda peke yake hadi juu kabisa. Huyo mama mmoja alikuwa mke wangu. Alileta habari hiyo nyumbani bila makeke, akaitaja kati ya bei ya nyanya na tatizo la maji ya fleti, lakini jioni hiyo alinipakulia nyama kubwa kuliko ya kawaida, nikajua ana furaha.

Ili ajisikie jinsi anavyoimba, aliweka simu juu ya kinanda siku ya mazoezi, akajirekodi. Jumatatu tukaiunganisha simu na gari, tukaondoka.

Beti mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Ubeti wa tatu ukaanza, sauti yake ikatoka peke yake, ikapanda ngazi ya kwanza, ikapanda ya pili, na ilipofika juu ikaanza kukwaruza. Ulikuwa mkwaruzo mwembamba wenye mtetemo, kama ule tuliokuwa tukiutoa utotoni kwa kuweka karatasi kwenye kitana na kuipuliza. Nikaangalia barabara. Barabara haikuwa na lolote la kuangalia, maana tulikuwa tumesimama.

"Umesikia?" akauliza.

"Nini?" nikasema, na hapo nikawa nimejibu.

Akairudisha rekodi nyuma. Ikakwaruza palepale. Akairudisha tena. Tulipofika mjini alikuwa ameusikiliza ubeti ule mara nyingi hata mimi nikawa nausikia mkwaruzo kabla haujaja. Aliposhuka hakusema neno juu ya njia niliyochagua, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Lazima nieleze kuhusu kayamba. Katika kwaya yetu, kama katika kwaya nyingi, kuna safu ya nyuma ya akina mama ambao zamani walikuwa sauti za kwanza. Hakuna anayewafukuza mbele. Siku moja mama mwenyewe anasikia koo halipandi tena, basi anachukua kayamba, anarudi nyuma, na tangu hapo anaitikisa kwa bidii na kufungua mdomo kidogo tu. Mama mkwe wangu aliimba hivyo hivyo, mbele kabisa, hadi alipogusa umri alionao mke wangu sasa. Kisha akaenda kwa kayamba, na hakurudi. Mke wangu alikuwa ametimiza hamsini miezi michache nyuma, na tangu siku hiyo alikuwa anangoja kitu kiharibike. Magoti yalikuwa mazima. Macho yalipata miwani, akayasamehe. Sasa, katika foleni, akawa amesikia kilichokuwa kinamngoja.

Mimi nilishikilia kwamba ni spika. Nilishikilia kwa sauti kubwa, kwa sababu sikuwa na hakika. Juu ya umeme najua kubadilisha balbu, lakini nilisoma falsafa chuo kikuu, na watu waliosoma falsafa hudhani kwamba wakiondoa sababu moja baada ya nyingine, mwishowe watakuta iliyobaki imekaa inawangoja. Basi nikaanza kuondoa. Nilipunguza sauti. Mkwaruzo ukapungua, lakini ulikuwapo. Nikabadilisha waya wa simu, haukuondoka. Nikafungua redio: msomaji wa habari alisema mambo yake yote mabaya kwa usafi kabisa. Nikaweka muziki wa ngoma na gitaa la besi, magari ya jirani yakatugeukia, lakini hakuna kilichokwaruza.

Yaani kila kitu kilisikika vizuri ndani ya gari lile isipokuwa mke wangu. Kwa mantiki niliyofundishwa, hitimisho lilikuwa moja, na sikuwa tayari kulitamka nikiwa nimefunga mkanda kando yake.

Nilijaribu njia nyingine. Nikampa vile vidude vya kuingiza masikioni, nikamwekea rekodi ileile. Mimi nilikuwa nimeisikiliza kwavyo nikaiona safi. Alisikiliza hadi mwisho, akavitoa, akanirudishia.

"Hizi zinabembeleza mtu," akasema. "Hata wewe ukijirekodi, hapa utasikika mwimbaji."

Kwake, vidude vya masikioni vilikuwa kama kioo cha saluni: vinakuonyesha unachotaka ili uendelee kulipa. Gari ndilo lililokuwa kama kanisa. Lilikuwa na nafasi, lilikuwa na nguvu, na lilisema ukweli.

Jumamosi nikaona tumrudie fundi. Spika hizo tulizinunua kwake, chini kule River Road, baada ya zile zilizokuja na gari kutoka Japani kuchakaa hadi zikawa zinapumua badala ya kuimba. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye kibanda chembamba kilichojaa spika kutoka sakafuni hadi darini, na kazi yenyewe aliifanya nje kando ya barabara, katikati ya watu, mikokoteni na makondakta wanaoita abiria. Siku alipotufungia, mke wangu alisimama juu yake kama msimamizi wa mtihani, akimwambia asikwaruze hiki na asiguse kile, na walipomaliza walikuwa marafiki.

Safari hii fundi hakumkumbuka. Au tuseme alimkumbuka mama aliyesimama, na mama huyu alikuwa ameketi kimya katika kiti cha abiria akiangalia simu. Fundi aliingiza kichwa kupitia dirisha langu, akaunganisha simu yake mwenyewe, akatuwekea wimbo wa vijana. Kioo cha ndani kikatetemeka. Mpita njia mwenye gunia begani akacheza kidogo bila kulitua. Mimi sikuweza kusikia mkwaruzo wowote, lakini kwa kelele za pale sidhani ningesikia hata kama mtu angekuwa anasaga mahindi kwenye buti.

"Iko fiti," fundi akasema. "Hapa hakuna kitu."

Nikamwomba asikilize rekodi nyingine kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Nikaweka ubeti wa tatu, na yeye akafumba macho kama daktari. Sauti ikapanda, ikafika, ikakwaruza.

Akafumbua macho. "Sasa nimeelewa. Mzee, usitupe pesa. Spika haina makosa. Hapa shida ni huyu mathee anaimba. Koo imeenda." Kisha, kwa huruma, akaongeza, "Si utafute ile wimbo yenyewe, waimbaji wa ukweli?"

Nilitazama kioo cha mbele. Nilitafuta uchafu juu yake wa kunishughulisha, nikaupata.

"Asante, fundi," mke wangu akasema.

Alisema kwa upole wa mtu anayeshukuru kwa kupewa kiti. Fundi akapokea shukrani hiyo kwa tabasamu, akagonga paa la gari mara mbili, tukaruhusiwa kwenda zetu. Hadi leo hajui alichofanya, nami sina mpango wa kumwambia. Alisikia alichosikia.

Tulirudi Kileleshwa. Nilipendekeza chipsi. Akasema hana njaa, nami nikasema basi hata mimi sina, ambao ulikuwa uongo. Tulipofika alitoka kwenda roshani, akafunga mlango wa kioo, akampigia mwalimu wa kwaya. Mlango wa kioo katika fleti zetu hauzuii kitu zaidi ya nzi. Nilimsikia akimwambia kwamba amefikiri sana, kwamba solo ile apewe mama mwingine mwenye koo changa, na kwamba kama kuna kayamba ya ziada awekewe. Mwalimu inaonekana alibishana. Akajibiwa kwamba hata fundi wa spika amesikia. Kukawa na kimya, nadhani mwalimu akijaribu kuelewa fundi wa spika ameingiaje katika kwaya. Mwishowe walikubaliana kwamba mke wangu hataki kusikia zaidi, na kwamba mwalimu hatakubali kitu kabla ya mazoezi ya jioni siku inayofuata.

Usiku ule niligeuka geuka. Shida yangu ilikuwa hii: sikujua. Mimi si hakimu wa sauti. Shuleni mwalimu wa muziki aliniambia niwe nachezesha midomo tu, na nilichezesha kwa ustadi hadi tukashinda kikombe. Mke wangu nilimwona mara ya kwanza akiimba kwenye arusi ya rafiki, na tangu hapo nimeisikia sauti hiyo jikoni, bafuni, na kwenye kamba ya kuanikia nguo, mpaka ikawa kama mlio wa nyumba yenyewe. Ungeniuliza kama imebadilika ningesema hapana, kama vile ningesema ukuta wa sebule haujabadilika rangi. Huenda fundi, ambaye hakuwahi kuipenda, ndiye aliyeisikia sawasawa.

Asubuhi, baada ya ibada ya kwanza, mke wangu alikwenda kusukwa nywele. Mimi nikachukua chupa ya chai nikashuka kwenye maegesho, kwa sababu akilini mwangu lilikuwa limebaki jambo moja la kuondoa. Redio ni sauti za kusema. Muziki wa vijana ni ngoma. Sikuwa nimejaribu kitu kinachofanana naye: mwanamke mwingine, peke yake, akishikilia sauti ya juu kwa muda mrefu. Kama koo ndilo lenye makosa, makoo mengine yangepita.

Nikaanza kutafuta kwenye simu. Niliweka kwaya ya akina mama kutoka magharibi mwa Kenya, kisha moja ya mkoa wa Kati, kisha mama mmoja wa Ulaya aliyevaa gauni kubwa kama pazia, anayeimba kwenye kumbi ambazo watu huingia na suti. Nilifunga madirisha nisisumbue majirani, lakini madirisha hayakutosha. Askari wa getini alikuja, akazunguka gari, akagonga.

"Mzee, niaje? Umeokoka?"

Nikamwambia bado natafuta.

"Basi tafuta pole pole," akasema. "Huyo anapiga nduru utafikiri ameibiwa."

Alikuwa anamsema mama wa Ulaya, ambaye wakati huo alikuwa anapanda. Nami nikainua mkono kumnyamazisha askari, kwa sababu mama wa Ulaya alifika juu, akashikilia, na akakwaruza. Mkwaruzo uleule, wa karatasi na kitana. Nikarudisha nyuma. Akakwaruza tena. Nikarudi kwa akina mama wa magharibi: nao walipopanda wakakwaruza. Wa Kati pia. Sijawahi kufurahia kusikia watu wakiharibikiwa namna ile. Askari akaniuliza kama ni vizuri hivyo. Nikamwambia ni vizuri sana, nikammiminia chai.

Sasa ilikuwa kazi ya kutafuta mahali tu. Nikasogeza sauti yote upande wa kulia, mlango wangu: mama wa Ulaya akapanda safi kama maji ya chupa. Nikaisogeza kushoto: karatasi na kitana. Nikatoka, nikazunguka, nikaketi katika kiti cha mke wangu, ambacho katika gari langu mwenyewe sikuwa nimewahi kukikalia. Ulimwengu ni mwingine kutoka pale. Spika iko kando ya goti, inakuimbia moja kwa moja. Nikaweka kiganja juu ya wavu wake, nikabana. Mkwaruzo ukakoma. Nikaachilia, ukarudi. Nikabana, ukakoma. Na kiganja kikaniambia kitu ambacho macho hayakuwa yameniambia: wavu ule ulikuwa unateleza.

Nikauparuza kwa kucha. Ulikuwa umevaa nailoni.

Nyumbani kwetu kitu kipya hakivuliwi nguo zake. Rimoti ya televisheni ina nailoni yake, ile ile iliyokuja nayo, imekuwa ya kijivu na namba hazionekani, tunabonyeza kwa kumbukumbu. Mlango wa friji unayo. Viti vya mezani vinayo, na wageni wa mapaja mazito husimama navyo. Si kwetu tu. Nimeingia katika nyumba za watu wenye vyeo nikakalia kochi linalolia kama mkate ukifunguliwa. Kuvua nailoni ni kukiri kwamba kitu kimekuwa cha zamani, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema hivyo. Siku ile River Road, fundi alipotaka kuzivua spika, mke wangu ndiye aliyemzuia. Vumbi la Nairobi analijua, alisema. Kwa hiyo fundi aliivuta nailoni ikawa imara, akaikunja nyuma ya wavu, akabana juu yake. Ya upande wangu niliichokoa mwenyewe kidogo kidogo katika foleni, kama mtoto anayechokoa kidonda, nikagombezwa, ikaisha. Ya upande wake ikabaki, imelegea kwa jua, ikingoja sauti ya kuitetemesha. Na kwa kuwa tunaishi ndani ya nailoni, hakuna aliyeiona. Hata fundi. Kibandani kwake kila spika huimba ikiwa imevaa.

Nilishika ukingo wake nikitaka kuivuta, kisha nikauachilia. Kama ningeivua, angeona spika imekuwa nzuri ghafla na angesema nimeichezea ili kumfurahisha. Na amenizoea, ningesimama hapo nikiapa huku uso wangu ukionekana wa mtu aliyecheza na kitu.

Alirudi mchana na kichwa kipya, kimesukwa vizuri, uso umekaza kwa maumivu. Nikamwomba aketi garini kidogo. Akaniuliza twende wapi. Nikasema hatuendi. Akanitazama kama mtu anayehesabu umri wa mwingine, lakini aliketi. Nikamwekea mama wa Ulaya.

Alisikiliza. Mama akapanda, akafika, akakwaruza. Mke wangu akageuka kunitazama.

"Huyu naye koo imeenda?"

"Kwa mujibu wa fundi wetu."

Hakucheka, lakini mkono wake ulisogea. Nikamwambia aweke kiganja mlangoni, abane. Akabana. Aachilie. Akaachilia. Akarudia mwenyewe bila kuambiwa, mara kadhaa, akimfunga na kumfungulia yule mama kama bomba. Kisha vidole vyake vikaanza kupapasa, na nikaona vimefika.

Akainama, akauangalia wavu.

"Hii nailoni ni mimi nilisema isitolewe."

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

"Unakumbuka vizuri sana, Baba. Umekuwa ukinitazama tangu niketi."

Aliishika kwenye pembe, akaivuta pole pole, na ikatoka kwa mlio mrefu. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba, kwa sababu haijatoboka na huwezi kujua. Kisha akatoa simu yake, akaiunganisha, akatafuta ubeti wa tatu. Kidole kilisita juu ya kitufe. Hapo nikaelewa kwamba hadi sasa alikuwa na wa kumlaumu, na nusu dakika ijayo angeweza kukosa.

Akabonyeza.

Sauti ikatoka peke yake, ikapanda ya kwanza, ikapanda ya pili, ikafika juu, na haikukwaruza. Ilijaa gari. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimpongeze. Lakini yeye aliinua kidole, akarudisha nyuma, akainama kusikiliza sehemu ambayo kelele za nailoni zilikuwa zimeifunika siku zote. Pale juu kabisa, kwenye noti ya mwisho, sauti haikuwa imefika. Ilisimama chini yake kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono kwenye rafu na kugusa ukingo tu. Hata mimi, mchezesha midomo, niliisikia.

Sikuthubutu kumtazama.

"Hapo," akasema. "Hapo ni mimi."

Na akaanza kucheka. Alicheka akishika kichwa, kwa kuwa nywele mpya zilimuuma, akasema aah, akacheka tena. Kisha akaeleza, zaidi kwa dashibodi kuliko kwangu, kwamba anavuta pumzi mahali pabaya, katikati ya neno, ndiyo maana inamwishia. Kitu kidogo hivyo. Alikuwa amekaa wiki nzima akizika koo lake. Akarudisha rekodi, akaimba juu yake, akivuta pumzi neno moja mapema. Haikufika. Akaimba tena. Askari alikuja, akamwona ni yeye, akaondoa kofia na kurudi getini bila kuuliza habari za wokovu.

Kabla ya kupanda ngazi alimpigia mwalimu. Safari hii sikulazimika kusikiliza kupitia kioo, aliweka simu mapajani ikisema kwa sauti. Aliuliza kama ile solo bado iko.

"Mama, mimi sikumwambia mtu," mwalimu akasema. "Kila mwaka lazima mmoja ajiuzulu. Mwaka jana walikuwa wa sauti ya pili wote."

Zilizofuata zilikuwa asubuhi ngumu kwangu. Mstari mmoja wa wimbo, kutoka Kileleshwa hadi mjini, pumzi hapa, pumzi pale, tena, tena. Siku nyingine aliifikia tukiwa tumesimama, akaikosa tukianza kwenda, akanilaumu kwa klachi. Gari letu ni la gia otomatiki. Sikubishana.

Siku ya tamasha nilikaa pembeni, karibu na nguzo. Ubeti wa tatu ulipofika, kinanda kikanyamaza, akina mama wakashuka, na akabaki yeye. Nilitazama viatu vyangu. Sauti ikapanda pale juu ya vichwa vya watu wote waliokuwa wakijipepea kwa karatasi za ratiba, na nikagundua nimevuta pumzi pamoja naye, mahali pake, neno moja mapema, na nimeishikilia.

Tulipokuwa tukirudi alivua viatu, akanyoosha miguu, akaniuliza ubeti wa tatu ulikuwaje. Nikamwambia ulikuwa mzuri sana, kwamba mama mmoja mbele yangu alikuwa amefuta macho.

"Sijauliza kama ulikuwa mzuri," akasema. "Nimeuliza kama nilifika."

"Ulifika."

"Najua," akasema, akafungua redio.